Nyota Isiyoweka Miadi

Usiku wa tarehe 15 Desemba 1855, John Russell Hind alikuwa kazini katika kituo binafsi cha kutazamia nyota cha George Bishop, mfanyabiashara wa mvinyo, ndani ya Regent's Park jijini London. Kazi yake ilikuwa kuwinda sayari ndogo, na aliimudu vyema: alikwisha kugundua kumi. Mbinu yake haikuwa na siri. Alichora ramani ya kipande kimoja cha anga, nyota kwa nyota, kisha akarudi usiku mwingine kutazama kama kuna mgeni. Usiku ule mgeni alikuwapo, katika kundinyota la Mapacha, ambalo wanafalaki wa pwani yetu hulijua kwa jina la Jauza. Alikuwa mweupe wa kuelekea buluu, mwenye mwanga wa daraja la tisa, hafifu mno kwa macho matupu lakini si haba ndani ya darubini.

Sayari ndogo husogea. Mgeni huyu hakusogea. Baada ya wiki chache akafifia, akapotea. Wengi wangeridhika kusema ni nova, nyota inayolipuka mara moja kisha ikarudi gizani kwa vizazi. Lakini Machi 1856 Norman Pogson akaiona inawaka tena, palepale. Pogson huyu ndiye aliyependekeza, mwaka huohuo, kanuni ya kupima mwanga wa nyota inayotumika hadi leo: madaraja matano ni tofauti ya mara 100, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo nyota inavyong'aa zaidi. Kanuni imekaa kinyumenyume, kila mwanafunzi huilalamikia, na hakuna aliyethubutu kuigeuza.

Nyota ya Hind ikaitwa U Geminorum. Kwa miaka arobaini hivi ilihesabiwa kuwa kioja kisicho na ndugu. Ndugu yake alipatikana mwaka 1896 huko Cambridge, Massachusetts, na aliyempata hakuwa akitazama mbingu. Louisa Wells alikuwa mmoja wa wanawake walioajiriwa na Edward Pickering katika kituo cha Chuo Kikuu cha Harvard kukagua vioo vya picha: vipande vya kioo vilivyopigwa picha ya anga usiku, ambapo kila nyota ni doa jeusi. Malipo ya wanawake hao yalianzia senti 25 kwa saa. Wells aliona kwamba doa moja katika kundinyota la Dajaja lilikuwa nene kwenye vioo vya siku fulani na jembamba kwenye vioo vya siku nyingine. Hiyo ndiyo SS Cygni, na habari hii ni yake zaidi kuliko ya nyota nyingine yoyote.

Inapotulia, SS Cygni huwa na daraja la 12. Inapowaka hufika la 8, yaani mwanga wake huongezeka takriban mara arobaini, na kupanda huko huchukua siku moja hivi. Hukaa juu wiki moja, au mbili na ushei, kisha hushuka. Kwa wastani hurudia kila baada ya siku hamsini, lakini wastani huo ni wa kwenye karatasi tu. Kuna nyakati wiki tatu hazijatimia imeshawaka tena. Kuna nyakati miezi mitatu inakaribia kuisha na bado imelala. Hakuna hesabu iliyoweza kutaja usiku itakaowaka. Nyota za tabia hii ziliitwa nova kibete, na anayetaka kuzijua hana budi kuzitazama usiku hadi usiku, mwaka hadi mwaka, hata pale zisipofanya lolote.

Hapo ndipo wataalamu walipokwama. Darubini kubwa ni chache, foleni yake ni ndefu, na hakuna kamati inayoweza kumpa mtu usiku mia tatu ili athibitishe kwamba nyota fulani bado iko gizani. Pickering alilijua hilo mapema. Tangu mwaka 1882 aliwasihi watu wa kawaida wenye darubini zao nyumbani wasaidie kufuatilia nyota badilifu. Mwito wake ulipata mtu wa kuubeba mwaka 1911. William Tyler Olcott, mwanasheria wa mji wa Norwich, Connecticut, aliandika makala katika jarida la Popular Astronomy akiwaeleza wenye darubini ndogo jinsi ya kufanya kazi hiyo, na kabla mwaka haujaisha kikawa kimezaliwa Chama cha Marekani cha Watazamaji wa Nyota Badilifu, AAVSO. Wanachama walikuwa wa ridhaa. Hawakulipwa chochote.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza na ngumu kuidumisha. Mtazamaji anakuwa na ramani ya nyota walio majirani wa SS Cygni, ambao mwanga wao haubadiliki na umeshapimwa. Kila jirani ameandikiwa namba, na namba hizo hazina nukta: 8.3 huandikwa 83, kwa sababu nukta kwenye ramani ya nyota ingedhaniwa kuwa ni nyota. Anaitafuta nyota yake, anatulia mpaka macho yazoee giza, kisha anajiuliza swali moja: inang'aa kuliko jirani gani, na imezidiwa na yupi? Ikiwa iko katikati ya 83 na 89, karibu zaidi na 83, anaandika 8.5 pamoja na siku na saa. Akiwa na darubini ndogo na nyota isionekane kabisa, bado ana jambo la kuripoti. Anaandika alama ya kuonyesha kwamba ilikuwa hafifu kuliko jirani wa mwisho aliyeweza kumwona. Mgeni wa kazi hii hudhani kuandika hivyo ni kupoteza wino. Kumbe ripoti ya aina hiyo ndiyo humwezesha mtu kusema mlipuko ulianza baada ya saa fulani wala si kabla.

Aliyeibeba kazi hii kwa muda mrefu kuliko karibu wote alikuwa mkulima. Leslie Peltier alizaliwa mwaka 1900 karibu na mji wa Delphos, Ohio. Akiwa kijana alichuma stroberi kwa ujira wa senti 2 kwa kila kipimo cha robo galoni. Alipofikisha vipimo 900 akawa na dola 18, na dola hizo zikamnunulia darubini yake ya kwanza, yenye kioo cha inchi 2. Tarehe 1 Machi 1918 aliandika kadirio lake la kwanza la nyota badilifu. Kuanzia hapo alipeleka ripoti AAVSO kila mwezi hadi alipofariki mwaka 1980. Jumla yake ilikuwa zaidi ya makadirio 132,000, na SS Cygni ilikuwa miongoni mwa nyota alizozirudia maisha yake yote. Njiani aligundua pia vimondo vyenye mkia kumi na viwili, na hivyo ndivyo vilivyompa jina magazetini.

Peltier hakuwa na shahada wala hakutaka kuhama. Alijijengea kibanda cha kutazamia kinachozunguka chote pamoja naye, yeye ameketi kwenye kiti cha gari na kukiongoza kwa usukani wa gari. Chuo Kikuu cha Miami cha jimbo lake la Ohio kilipoamua mwaka 1959 kumpa darubini ya inchi 12, hakikumtaka aifuate. Kiliihamishia kwake, jengo na yote. Ana kisa kimoja ambacho watazamaji wa nyota badilifu hukisimulia kwa kucheka na kusikitika pamoja. Alikuwa ameifuatilia nyota iitwayo T Coronae Borealis kwa zaidi ya miaka 25, akijua kwamba ililipuka mwaka 1866 na huenda ingelipuka tena. Usiku mmoja wa Februari 1946 kengele ilimwamsha saa nane na nusu, akahisi mafua yanamnyemelea, akarudi kitandani. Nyota ikalipuka usiku uleule. Hiyo haikuwa nova kibete, lakini kila anayefuatilia nova kibete anaijua hofu ile.

Wa kusini ya dunia nao walikuwa na Peltier wao. Albert Jones wa New Zealand, aliyewahi kusaga nafaka na kuendesha duka la vyakula, alipita makadirio nusu milioni kabla ya kufariki mwaka 2013. Afrika Kusini ilikuwa na Reginald de Kock, ambaye jina lake liko pia kwenye kimondo chenye mkia cha mwaka 1941. SS Cygni yenyewe ni nyota ya kaskazini, ila si kwamba sisi tumenyimwa: mtu wa Dar es Salaam akitazama kaskazini mwanzoni mwa Oktoba, saa tatu usiku, inakuwa imepanda kama nyuzi arobaini kutoka upeo wa macho, na ikiwa imewaka, darubini ya mkononi ya macho mawili inatosha.

Hisani ya vyuo kwa watu wa ridhaa huwa na kikomo. AAVSO ilikaa Harvard miaka mingi, ikitumia ofisi na mfuko uliowekwa kwa kumbukumbu ya Pickering. Mwaka 1953 uongozi wa kituo, chini ya Donald Menzel, ukaamua kwamba kuhesabu mwanga wa nyota kwa macho si sayansi ya kugharamiwa tena. Chama kikaambiwa kiondoke, na fedha za mfuko zikabaki chuoni. Mkurugenzi Margaret Mayall akahamisha majalada hadi chumba cha kupanga mtaani, na kwa miaka kadhaa akaendesha shughuli kwa michango ya wanachama. Sitaki kumfanya Menzel jitu la hadithini. Bajeti yake ilikuwa imebana kweli. Ila wakati wa uamuzi wake haungeweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu nova kibete zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kueleweka.

Mwaka 1956 Alfred Joy, wa kituo cha Mount Wilson huko California, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba SS Cygni si nyota moja. Ni mbili, zinazozungukana kila baada ya saa sita na nusu hivi. Moja ni kibete cheupe, kiini kilichobaki baada ya nyota kama Jua kufa, kizito karibu kama Jua lakini kidogo kama Dunia. Ya pili ni nyota ya kawaida, nyekundu kiasi na baridi kuliko Jua. Zimekaribiana mno, kiasi kwamba kibete humnyonya mwenzake gesi. Gesi hiyo haiangukii moja kwa moja juu ya kibete. Hukizunguka kwanza, ikatandaa na kuwa sahani pana.

Ni nini basi kinachowaka? Wengine walidhani mwenzi ndiye anayetoa gesi kwa vipindi, mara kidogo mara nyingi. Mwaka 1974 Yoji Osaki wa Japani akapendekeza kwamba gesi humwagika kwa kiasi kilekile siku zote, ila sahani ndiyo inayoizuia. Hufanya kama bwawa: maji huingia polepole, ukingo huvumilia, hadi siku unapozidiwa. Miaka iliyofuata wanafizikia walieleza ukingo huo ni kitu gani. Sahani ikiwa ya baridi, hidrojeni yake haina chaji na gesi husogea ndani kwa uvivu. Gesi ikizidi kurundikana joto hupanda, na likivuka nyuzi elfu kadhaa, elektroni huanza kubanduka kutoka kwenye hidrojeni. Msuguano unakuwa mkubwa ghafla, wimbi la joto linasambaa sahani nzima, na gesi iliyokaa wiki nyingi inaporomoka kuelekea kibete. Huo ndio mwanga anaouona mtu mwenye darubini uani kwake. Sahani ikipungukiwa gesi, inapoa na kuanza kurundika upya.

Nadharia ilipendeza, lakini ilihitaji kuthibitishwa kwa mionzi isiyopenya angahewa. Mwaka 1973 uongozi wa AAVSO ulikuwa umeshikwa na Janet Mattei, mzaliwa wa Bodrum, Uturuki, mwenye umri wa miaka 30. Setilaiti za eksirei zilipoanza kurushwa, wenye setilaiti walikuwa na shida ileile ya Pickering: wangejuaje usiku wa kugeuza chombo chao? Wakamwendea Mattei. Yeye akawaomba watazamaji wake wakeshe zaidi, na mara nyota ilipoonekana kupanda, taarifa ilipita kwake hadi kwa waongozaji wa setilaiti. Kwa njia hiyo setilaiti ya HEAO-1 ilizikuta U Geminorum na SS Cygni zikiwa zimewaka, na kundi la mtafiti France Córdova likaona eksirei za SS Cygni zikidunda kila baada ya takriban sekunde 9.

Mavuno makubwa zaidi yalikuja Oktoba 1996. Safari hii setilaiti mbili zilielekezwa kwa SS Cygni tangu mwanzo wa mlipuko, huku watazamaji wa ridhaa wakiandika mwanga wa kawaida kutoka chini. Mwanga ulianza kupanda kwanza. Kama siku moja baadaye eksirei zikapanda nazo, kisha zikakatika ndani ya saa chache, na mahali pake pakajaa mionzi mikali ya urujuanimno. Wimbi lilikuwa limeanzia nje kwenye sahani na kusafiri hadi uso wa kibete, na muda wa safari ukapimika. Makala ya mwaka 2003 iliyotoa matokeo hayo ina jina la Mattei miongoni mwa waandishi wake watatu. Alifariki mwaka uliofuata.

Huduma hii ilikuwa na upande wa pili. Darubini ya Hubble ina vipokezi vyepesi kuharibika vikimulikwa na nyota kali kupita kiasi. Walipotaka kuchunguza takriban nyota 40 za jamii hii zikiwa zimetulia, wataalamu waliwategemea watu wa ridhaa wathibitishe, kabla ya kila zamu, kwamba nyota husika haijawaka. Chombo cha mabilioni ya dola kilisubiri neno la mstaafu mwenye darubini kwenye bustani yake.

Na ilikuwa Hubble hiyohiyo iliyoleta kizaazaa. Vipimo vyake, vilivyokamilishwa mwaka 2004, viliiweka SS Cygni umbali wa miaka nuru 540 hivi. Namba hiyo iliwashtua wananadharia. Nyota ikiwa mbali hivyo na bado tunaiona na mwanga ule, basi ni kali kweli, na gesi inayomiminika ni nyingi kiasi kwamba sahani yake ingepaswa kubaki moto daima. Kwa kifupi, nova kibete maarufu kuliko zote haikupaswa kuwaka na kuzima. Mwaka 2007 watafiti wawili walichapisha makala ambayo kichwa chake chenyewe kiliuliza kuna kasoro gani. Ama Hubble imekosea, ama jengo lililoanzwa na Osaki lina ufa kwenye msingi.

Ufumbuzi ulipitia kwenye mawimbi ya redio. Mwaka uliofuata kundi la Elmar Körding lilionyesha kwamba SS Cygni inapowaka hurusha mchirizi wa gesi wenye kutoa mawimbi hayo. James Miller-Jones, wa Chuo Kikuu cha Curtin mjini Perth, akaona mlango. Darubini za redio zilizotawanyika kutoka Hawaii hadi visiwa vya Virgin, zikiunganishwa, hupima mahali pa kitu angani kwa usahihi wa ajabu, na hulinganisha kitu hicho na kiini cha galaksi ya mbali mno ambacho hakisogei kabisa machoni petu. Hubble ililinganisha na nyota za jirani, ambazo umbali wake wenyewe ulikuwa wa kukadiriwa.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Ikitulia, SS Cygni haitoi mawimbi ya redio ya kupimika. Ingepaswa kunaswa imewaka, katika misimu tofauti ya mwaka, ili Dunia iwe pande tofauti za Jua na umbali usomwe kutokana na jinsi nyota inavyoonekana kuhama kidogo. Kwa zaidi ya miaka miwili, kuanzia 2010 hadi 2012, watu wa AAVSO wa nchi mbalimbali waliikodolea macho, wengine kwa kamera, wengine kwa jicho na ramani ya namba zisizo na nukta. Mara taarifa ya kupanda ilipotoka, ratiba za darubini za redio zilivunjwa na mitambo ikageuzwa. Mwaka 2013 jarida la Science likachapisha jibu: miaka nuru takriban 370. Kwa umbali huo nyota inakuwa na nusu tu ya ukali uliodhaniwa, na sahani inaruhusiwa kuwaka na kuzima kama nadharia ilivyosema. Setilaiti ya Gaia ilipotoa vipimo vyake miaka michache baadaye, ilikubaliana na redio.

Baadhi yetu tungependa habari iishie hapo, watu wa ridhaa wakiwa wamemsahihisha jitu. SS Cygni haikuridhika. Tangu mwaka 2019 mwanga wake wa utulivu ulianza kuongezeka, na milipuko ikasogeleana. Mapema mwaka 2021 ikafanya jambo ambalo rekodi yote tangu 1896 haina: haikuzima wala haikuwaka sawasawa. Ilining'inia katikati, ikipanda na kushuka kidogokidogo, kwa mtindo wa ukoo mwingine wa nova kibete unaoongozwa na nyota ya Z Camelopardalis. Baadaye ikarudia kuwaka. Wako wanaosema msuguano ndani ya sahani uliongezeka. Wako wanaosema mwenzi alizidisha gesi, ambayo ni hoja iliyodhaniwa kuwa imeshindwa zamani. Pande zote mbili zinabishana kwa kutumia mchoro uleule wa mwanga, uliojengwa kwa makadirio ya miaka 125, na mlipuko mmoja usiotegemewa kesho unaweza kuwavuruga wote.